Filimbi ya Saa Nne na Saa Kumi

Mtu wa kwanza kunikimbiza bila nia yoyote ya kunishika alikuwa mlinzi wa maduka pale Kakamega mjini. Jina alilopewa na wazazi wake nililisikia mara moja tu, kwenye mazishi ya mtu mwingine, nikalisahau kabla chakula hakijaiva. Sisi tulimwita Afande. Wenye maduka walimwita Afande. Hata mkewe, siku aliyomletea mwavuli, alimwita Afande mbele yetu sote, tukacheka mpaka yeye mwenyewe akashindwa kujizuia. Na uafande hakuwahi kuwa nao. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda kimoja cha sukari, akapunguzwa pamoja na wenzake, akaja mjini. Wenye maduka ya mtaa wetu wakamvika koti la kaki lililoshonewa mtu mrefu kumliko, wakampa rungu na filimbi, wakamwambia kazi yake ni moja tu, kutuondoa sisi kwenye ngazi.

Sisi tulikuwa kama kumi na wanane, wavulana kumi na wanne na wasichana wanne. Tulikuwa tumemaliza kidato cha nne. Kwanza tulikuwa tunangoja matokeo. Matokeo yalipokuja tukawa tunangoja barua za kuitwa chuoni, na barua zilipokataa kuja tukaendelea kungoja tu, maana tulikuwa tumeshazoea. Ngazi zenyewe zilikuwa tano, pana, za saruji, mbele ya duka refu ambalo mwenyewe alilifunga akahamia Kisumu. Kivuli kilikaa pale mpaka alasiri. Ukiwa ngazi ya juu ungeona stendi, njia ya sokoni, na kila anayetoka mtaa wa Amalemba akijifanya hajatuona. Jamani, palikuwa patamu. Nimeishi katika nyumba nzuri tangu wakati ule, na sijapata mahali pa kukaa pazuri kama pale.

Mji mzima ulikuwa na maoni juu yetu. Mchungaji mmoja alituombea kwenye kipaza sauti, akatuhesabu kwa kidole, akakosea kwa wawili, nasi tukamsahihisha. Akina mama waliotoka sokoni walinong'ona wakitazama wasichana zaidi, kwa sababu mvulana akikaa ngazini ni mvivu, lakini msichana akikaa ngazini ni jambo la kuitiwa mkutano. Siku yangu ya kwanza mama yangu alikuwa ameambiwa na watu watatu kabla sijafika nyumbani kwa chakula cha mchana. Jirani yetu wa karibu pale mtaani alikuwa mama wa duka la vitambaa, mtu wa Mumias, ambaye aliosha veranda yake kwa ndoo mbili za maji saa ile ile tuliyokaa vizuri. "Asalam aleikum, watoto wa watu," angesema kwa upole kabisa, halafu angemwaga. Akiwa na marobota ya kubeba alitujua sote kwa majina, na mzigo ukiisha kubebwa tulirudi kuwa watoto wa watu.

Afande alivaa gambuti jua liwakalo na mvua inyeshayo. Alitamka filimbi "firimbi", na aliishika kwa vidole viwili kama mtu anayeshika yai la moto. Alitukimbiza mara mbili kwa siku, saa nne asubuhi na saa kumi jioni, na ratiba hiyo ina hadithi yake nitakayoieleza. Angeanza kupuliza akiwa mbali, kule kwenye kona ya kinyozi, ili tupate muda wa kukusanya vitu. Sisi tungekimbia tukizunguka nyuma ya maduka, kupitia uchochoro wa jikoni mwa hoteli moja ya chai ambapo mpishi alitupisha huku amebeba sufuria juu ya kichwa, tutokee upande wa pili. Tungemkuta Afande amesimama pale pale penye ngazi, ameegemea rungu.

"Mmerudi?" angeuliza.

"Tumerudi, Afande."

"Haya, kaeni. Saa kumi bado."

Alichukia uvivu kuliko mchungaji. Angeweza kusimama akatuchamba nusu saa nzima. "Mtu wa umri wako anaketinga hapa kama nguo imeanikwa. Hata nguo ikikauka inatolewanga." Lakini saa saba mchana alivua lile koti, akalitundika kwenye msumari uliokuwa mlangoni mwa duka lililofungwa, akaketi ngazi ya tatu katikati yetu. Tulimuuliza mbona anakaa na wavivu. Akatujibu kwamba koti likiwa msumarini yeye ni baba yetu na tunaweza kumwambia lolote, ila akilivaa, tukimbie. Na kweli, ungekuwa katikati ya kumsimulia shida zako, akatazama saa yake, akasema pole sana mwanangu, akainuka akavaa koti, akakupulizia filimbi sikioni.

Alikuwa na sheria ya miwa. Miwa ya Kabras ilishushwa karibu na stendi na kila mtu pale mjini alitafuna, na malalamiko makubwa juu yetu, ukiacha ya adabu, yalikuwa makapi. Afande alisema anayetafuna abebe makapi yake mfukoni. Tukabeba. Mama yangu alikuwa akifua sketi zangu anatoa makapi, ananiuliza kama siku hizi nafuga mbuzi. Halafu siku moja tukamwona Afande mwenyewe anatafuna muwa nyuma ya hoteli ya chai, makapi yanaruka huku na huku. Alipotuona alifunga mdomo, akameza yote. Alikohoa mpaka jioni na hatukumsema kwa muda wa wiki nzima, jambo ambalo kwetu lilikuwa heshima kubwa.

Mimi aliniita mukhana, kama wazee wa kwetu wanavyomwita msichana, na kila Jumatatu mchana, koti likiwa msumarini, alinipa barua nimsomee. Ilikuwa barua ile ile kila Jumatatu. Ilitoka kiwandani, ya Kiingereza, ya kumwambia kazi imekwisha na wanamshukuru. Mara ya kwanza niliisoma na kumtafsiria. Mara ya tano nilimwambia, "Afande, barua hii naijua sasa kuliko anwani ya kwetu."

"Soma tu pole pole," alisema. "Labda kuna mahali wamesema tutaitwa."

Nilisoma pole pole. Hapakuwa na mahali. Akaikunja, akaniambia kwamba siku ile alipofika nyumbani nayo alikaa nje ya ua saa nzima akijifanya anamtafuta kuku, kwa kuwa hakujua atamwambiaje mkewe. "Nilimwambia mara moja, mukhana. Mara ya pili sitaweza." Nilitaka kulia, lakini Profesa akaingilia kati, akamuuliza kama kuku alipatikana. Profesa ndiye aliyekuwa mkubwa wetu pale ngazini. Jina hilo alilipata kwa kusoma magazeti yaliyofungiwa nyama. Afande akacheka, akasema kuku hakuwepo, hilo ndilo tatizo.

Ni huyo huyo Profesa aliyetuponza. Mwanzoni, kabla ya ratiba, Afande alitufukuza wakati wowote, nasi tulijivuta tukiondoka. Siku moja Profesa akakataa kuinuka kabisa. Akasema nchi hii ni yetu sote na ngazi ni sehemu ya nchi. Hotuba ilikuwa nzuri, tukapiga makofi. Hatukumwona mwenyekiti wa wenye maduka, mzee wa duka la misumari na mabati, amesimama mlangoni mwake mikono kiunoni. Alimtazama Afande akipuliza filimbi mara tatu na hakuna mtu anayesogea. Kisha akamwita kando, na sisi tukasikia kila neno, kwa sababu mzee yule hakuwahi kunong'ona maishani mwake. "Mpaka mwisho wa mwezi. Ngazi ziwe tupu. Kama haziko tupu, koti unarudisha."

Mchana ule Afande alikaa ngazi ya tatu bila kula. Tulimwomba msamaha. Profesa alijitolea kwenda kukaa sehemu nyingine ya mji, sadaka kubwa kwake. Afande akatikisa kichwa. "Hebu niambieni," alisema. "Nikifutwa, mimi nitakaa wapi? Nitakuja kukaa hapa hapa na nyinyi. Na huyo mlinzi mpya atanipigia mimi firimbi, mtu mzima?" Tukacheka, yeye hakucheka. Tangu siku hiyo hakuna aliyehitaji kuambiwa. Filimbi ikilia, tulikimbia, na tukakimbia kwa vishindo ili mwenyekiti asikie. Shida ni kwamba kila tulipokimbia tulirudi, kwa vile hatukuwa na pengine pa kwenda, na mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia.

Sasa, mwenyekiti huyo alikuwa na fahali wa kupigana. Kwetu mtu anaweza kuwa na duka, gari na cheo kanisani, lakini Jumamosi asubuhi kinachompa jina ni fahali wake. Wa kwake aliitwa Meneja. Alikuwa mnyama mkubwa, mweusi, shingo kama gunia la mahindi, na alikuwa ameshindwa mara mbili mfululizo kwa kugeuka tu na kuondoka uwanjani taratibu. Mwenyekiti alimbadilishia majani, akambadilishia mchunga ng'ombe, wapi. Siku moja akiwa anamlalamikia Afande mambo ya ngazi, akajikuta analalamika juu ya Meneja.

"Mzee, ng'ombe yako haina shida," Afande akamwambia. "Shida ni kelele. Ng'ombe za wengine zinaingianga na kijiji kizima, ngoma ya isukuti inalia, pembe inalia. Yako inaingia na wewe na shemeji yako. Inafikiri inapelekwa kwa daktari."

"Kijiji chetu kinamwimbia fahali wa kaka yangu. Kelele nitoe wapi?"

Afande, alivyotueleza baadaye, aligeuza uso tu polepole, akaangalia ngazi tulipokuwa tumekaa.

Jumamosi iliyofuata, ile ya mwisho ya mwezi, tulitoka mjini alfajiri wote kumi na wanane, Afande mbele na koti lake, tukaenda mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu upande wa Isukha. Mama nilikuwa nimemwambia naenda kwenye maombi, na kwa namna fulani tuliomba kweli. Pale uwanjani wazee wawili walisema wasichana hawana kazi karibu na fahali. Afande akafunga vifungo vyote vya koti. "Hawa ni wafanyakazi wangu," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza mtu kutuita wafanyakazi. Nilijisikia mrefu.

Tatizo likawa kwamba hatukujua nyimbo za fahali. Tuliimba za shule, tukaimba za kwaya, tukaimba za timu ya mpira, na zilipokwisha Profesa akaanzisha wimbo wa kutaja maduka yote ya mtaa wetu kwa mfuatano, kutoka kinyozi mpaka misumari na mabati, nasi tukaitikia. Meneja alisimamisha masikio. Nadhani hakuwa amewahi kusikia upuuzi kama ule. Aliposukumana na mpinzani wake alisukuma kama aliyechoka kuonewa, na kabla hatujafika duka la vitambaa kwa mara ya pili, yule mwingine alikuwa amekata kona, amepitia shamba la mahindi, hayupo.

Furaha ile sijui niielezeje. Watu wasiotujua walitukumbatia. Mwenyekiti alimpa Afande mkono mara nne, akatangulia nyumbani kwake kwa baiskeli kuchinja kuku, kwa sababu desturi ni kwamba waimbaji wanamsindikiza mshindi mpaka langoni kwa mwenye ng'ombe, na pale wanakuta obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, vinawangoja. Tukakata matawi, tukaanza safari tukikimbia na kuimba, Meneja katikati na kamba yake mkononi mwa Profesa. Tulipofika njia panda, kwa mwenyekiti ilikuwa kushoto. Hakuna kati yetu aliyepajua kwa mwenyekiti. Miguu yetu ilijua mahali pamoja tu duniani, ikakata kulia, kuelekea mjini.

Afande alikuwa nyuma kabisa na gambuti zake. Aliona kosa mara moja akafanya kitu ambacho mlinzi yeyote angefanya. Alipuliza filimbi. Na sisi, ambao kwa wiki tatu tulikuwa tumejifunza jambo moja tu kwa moyo wote, tulipoisikia filimbi tukaongeza mbio. Akapuliza tena kwa nguvu. Tukaongeza tena. Meneja akaona hii ndiyo kazi, akaongeza naye. Kadiri Afande alivyotuita turudi ndivyo tulivyomwacha nyuma, na tuliingia Kakamega mjini siku ya soko tukiwa na matawi kichwani, fahali mshindi katikati, tukiimba majina ya maduka mbele ya maduka yenyewe.

Tulipanda ngazini. Meneja alipanda tatu, akatosheka. Sasa mama wa vitambaa alikuwa ametoa kioo chake kirefu nje, kile cha wateja kujitazama na leso mabegani. Meneja akageuza kichwa, akaona ndani ya kioo fahali mweusi wa kutisha anayemtazama usoni na hapepesi. Akakwaruza saruji kwa kwato. Yule wa ndani akakwaruza. Mama wa vitambaa alikuwa ameshika kifua akisema bismillahi, bismillahi, na hapo ndipo Afande alipofika, hana pumzi, kofia imepotea, akapita kati ya fahali na kioo kama mtu anayepita sebuleni kwake, akakishika kile kioo akakigeuzia ukutani.

Meneja alitazama. Mpinzani hayupo. Akainua kichwa, akanguruma. Profesa akatangaza kwamba ameshinda mara mbili siku moja, na mtaa ukalipuka. Kinyozi alitoka na mteja aliyenyolewa nusu. Mpishi wa hoteli ya chai alipiga sufuria. Mama wa vitambaa, huyo huyo wa ndoo, alipiga kigelegele akatufunga leso Meneja na mimi.

Mwenyekiti, aliyekuwa ametungoja bure langoni kwake, akafika kwa baiskeli, manyoya ya kuku yamemganda mikononi. Kelele zikapungua. Afande alimwendea. Alivua koti, akalikunja vizuri, akaweka filimbi juu yake, akamnyooshea. Nikajua anafikiria ule ua na kuku ambaye hakuwepo. Furaha yote ikanitoka.

"Mzee, leo ni mwisho wa mwezi," alisema. "Nimeshindwa. Hizi ngazi hazijawahi kujaa kama leo."

Mwenyekiti aliangalia koti. Akaangalia ngazi, na sisi, na Meneja aliyekuwa sasa anatafuna tawi lililokuwa kichwani mwangu. "Vaa," akasema kwa sauti yake ya kusikika stendi. "Jumamosi ijayo tunakutana na fahali mmoja wa Idakho. Hawa nikiwatawanya nitawapata wapi tena?"

"Lakini hawawezi kukaa hapa kutwa bila mtu kuwaambia kitu," alisema mama wa vitambaa, mkono ukiwa bado juu ya shingo ya Meneja. "Watu watasema sisi hatuna wazazi."

Wakajadiliana pale pale, na ndipo ilipotoka ratiba. Tukae, ila tufukuzwe kila siku saa nne na saa kumi, waziwazi, ili mji uone kwamba hatua inachukuliwa. Mchungaji aliridhika. Mama yangu aliridhika pia, maana aliweza kuwaambia watu kwamba mtoto wake anakanywa mara mbili kwa siku.

Miaka saba baadaye nilikuwa na kazi ya maabara Eldoret. Nilirudi nyumbani kwa harusi ya dada yangu, nikashuka mjini asubuhi kumngoja mama, viatu vya kisigino vinaniua, nikaketi ngazi ya chini bila hata kufikiri. Juu yangu walikuwa wengine, wapya, suruali pana, kofia nyuma mbele, miwa mkononi. Mama wa vitambaa alinitambua, akaja na kiti chake. Akaniambia mwenyekiti alifariki na maduka sasa yanaongozwa na mwanawe. Kisha akainama kwenye sikio langu.

"Leo wanamwangalia mzee wako. Kijana yule anasema Afande haogopwi tena. Akipuliza wasipotoka, koti linarudi."

Nilitazama. Mwana wa mwenyekiti alikuwa mlangoni mwa misumari na mabati, mikono kiunoni, vile vile. Na kule kwenye kona ya kinyozi akatokea Afande. Koti lilikuwa limezidi kuwa la mtu mwingine. Alisimama, akavuta pumzi, akapuliza. Sauti ilitoka nyembamba. Ngazi ya juu mmoja akasema, "Buda, zii," yaani mzee, hatutoki, na wenzake wakacheka. Hakuna aliyeinuka. Akapuliza mara ya pili.

Nilivua viatu. Nilikuwa na suti ya kitenge iliyoshonwa kwa ajili ya harusi na mkoba wenye kadi za mwaliko za watu, na mimi nikainuka nikakimbia, nikakimbia kwa vishindo, nikipiga kelele kwamba anakuja, jamani anakuja. Halafu nyuma yangu nikasikia miguu, kwanza miwili mitatu, kisha yote, wameona mama mzima wa ofisi anakimbia pekupeku wakadhani kuna jambo la kweli. Tulizunguka nyuma ya maduka. Mpishi wa hoteli ya chai, mwingine sasa, akainua sufuria juu ya kichwa bila kuambiwa. Nilikuwa nacheka mpaka mbavu zinauma, na machozi yananitoka, na sikujua ni ya nini hasa.

Tulipotokea upande wa pili, mlango wa misumari na mabati ulikuwa mtupu. Mwana wa mwenyekiti alikuwa ameridhika, amerudi ndani. Afande alikuwa penye ngazi, ameegemea rungu, viatu vyangu amevishika mkononi. Alininyooshea.

"Mukhana. Umerudi?"

"Nimerudi, Afande."

"Haya, kaa," alisema. "Saa kumi bado."

Nikakaa. Yule wa kofia nyuma mbele akaketi kando yangu akihema, akaniuliza kwa adabu, "Anti, kwani hapa watu wanakimbianga kila siku?"

"Mara mbili," nikamwambia. "Ya saa kumi usichelewe."